Namba Iliyoshonwa Pembeni mwa Mkeka

Sogeeni, mketi vizuri, na kila mtu aguse simu yake ajue iko wapi. Umeigusa? Ina mtandao? Haya, nianze.

Pangani aliishi msuka mikeka aitwaye Bi Mize. Kila mkeka aliomaliza, aliushonea pembeni namba yake ya simu kwa ukindu mwekundu, tarakimu zote kumi. Mikeka hiyo imetandikwa nyumba kwa nyumba, Tanga hadi Bagamoyo. Anayetaka mkeka wa harusi hugeuza pembe ya mkeka wa jirani, akasoma, akapiga. Namba ile ndiyo iliyokuwa duka lake, na ndiyo iliyokuwa jina lake. Tena haibadilishiki, maana nani atazunguka nyumba zote hizo kufumua pembe za mikeka?

Macho yalikuwa yameanza kumfifia. Alikuwa na wajukuu watatu, wote wasukaji, naye alikwisha kuwaambia: "Namba nitamwachia mmoja wenu. Atakayeistahili."

Somoe alikuwa na masikio: alilolisikia mara moja halikumtoka. Mwamvita alikuwa na miguu na ukaidi: hakurudi mikono mitupu. Hidaya alikuwa na mikono: alitambua kwa kugusa wasichokiona wenzake kwa macho.

Jumatatu, saa tisa alasiri, Bi Mize alikwenda na Somoe kuhakiki laini kwa wakala mmoja anayekaa chini ya mwavuli, karibu na soko.

"Weka kidole, Bibi." Akaweka. "Haijasoma. Weka tena." Akaweka. "Tena."

Mtu mwingine angeuliza. Msuka mikeka haulizi. Miaka arobaini ya kuvuta ukindu imezisugua ncha za vidole vyake zikawa laini kama kokoto la mtoni, na kila penye kimashine cha vidole huambiwa arudie. Amezoea. Kumbe mara ya kwanza kidole kilihakiki laini, na zile mbili zilizofuata ziliihamishia kwenye kadi ya mtu mwingine.

Walipofika nyumbani, simu haikuwa na mtandao. "Ndio mtandao wetu huo," akasema Bi Mize, akashika ukindu wake. Jumanne, kimya. Jumatano asubuhi akaingia Mama Nassoro, aliyekuwa akimwoza binti yake Ijumaa. Hodi yenyewe aliipigia ndani.

"Bi Mize, nimekukosea nini? Mjukuu wako wa kiume kanipigia kwa namba yako, kasema unaumwa, nitume hela yote ya mkeka. Nimetuma. Leo nampigia, ananitukana!"

"Mwanangu, mimi sina mjukuu wa kiume."

"Basi ni nani anayekaa ndani ya namba yako?"

Siku hiyohiyo walikwenda Tanga, kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Dada wa dirishani aliangalia kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Bibi, laini imehamishwa kwa kidole chako. Mfumo unasema umeomba mwenyewe. Kama hukuomba, Ijumaa kabla ya saa sita nataka vitu vitatu: namba tano za mwisho ulizopiga, wakala mwenyewe aje akiri, na kidole chako kisomeke hapa mbele yangu. Kikikosekana kimoja, laini inabaki ilipo."

"Yaani nife naitwa tapeli?" akauliza Bi Mize.

Somoe alifumba macho. Bibi akitaka kupiga simu huzitamka tarakimu kwa sauti huku akibonyeza, na Somoe huwa yupo, anasuka. Alizitaja namba zote tano kwa mpangilio; ya mwisho ilikuwa ya muuza ukindu, iliyopigwa Jumapili baada ya adhuhuri. Kisha akaanza kulia. "Na mlio wa kimashine niliusikia pia, Bibi. Kililia kuwa kimekubali mara ya kwanza. Nikaona haya kumuuliza mtu mzima, nikanyamaza."

Mwamvita alimtafuta wakala. Sokoni hayupo, stendi hayupo. Alhamisi alimkuta Muheza, chini ya mwavuli uleule. Hakupiga kelele. Alivuta ndoo, akakalia, na kila mteja aliyefika akamwambia, "Hesabu umeweka kidole mara ngapi."

"Dada, unanifukuzia wateja!"

"Sijamfukuza mtu. Nawafundisha hesabu."

Ilipofika saa kumi wakala alikuwa amechoka. "Nitakuja kukiri. Ila uniapie, polisi hamnipeleki." Mwamvita akaapa palepale, bila kumuuliza Bibi.

Hidaya yeye aliushika mkono wa Bibi, akamnyang'anya ukindu. Siku mbili hakumruhusu kugusa hata unyuzi. Aliviloweka vidole kwenye maji ya vuguvugu, akavikausha, akajaribu kuvisajili kimoja kimoja kwenye simu yake inayofunguka kwa alama ya kidole. Tisa vilikataa. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho msukaji hukitenga pembeni anapovuta, kilikubali. Lakini mkeka wa binti wa Mama Nassoro ulibaki haujaisha, na mkeka alioanza Bibi haumaliziwi na mkono mwingine. Biharusi aliolewa juu ya zulia la kuazima. Ni harusi ya kwanza Bi Mize kuikosesha mkeka.

Ijumaa, saa nne na dakika ishirini, vitu vyote vitatu vilikuwa dirishani. Laini ikarudi.

Kesho ni siku ya kuiandikisha namba kwa mrithi, na kampuni inapokea jina moja tu. Leo wajukuu wameketi kuizunguka simu, imelala katikati ya mkeka.

"Bila namba zangu tano mngeambiwa nini?" anauliza Somoe.

"Ungesema Jumatatu, zisingehitajika," anajibu Mwamvita.

"Na wewe uliyemwachia mwizi aende zake na mwavuli wake?" anasema Hidaya.

"Angalau mimi sikumvunjia mtu harusi."

"Nyamazeni," anasema Bi Mize. "Hakuna mwenye mkono safi hapa, na hakuna ambaye bila yeye ningeipata."

Simu inaita. Namba ngeni. Pengine ni mteja aliyegeuza pembe ya mkeka mahali fulani. Pengine ni yule tapeli aliyejiita mjukuu, anajaribu tena. Mikono mitatu inanyooka, inasimama hewani. Wanamtazama Bibi, na Bibi, kwa macho yake yaliyofifia, anawatazama ninyi.

Inaita bado. Aliyekumbuka, aliyefuatilia, au aliyetunza kidole: wewe ungemwambia nani apokee?