Feruzi na Mtu Aliyevikataa Vita

Hapo zamani, katika mji wa Kisimbi, mtu hakuwa jumbe kwa sababu baba yake alikuwa jumbe. Kila mwaka wa saba watu walikusanyika kiwanjani, waliotaka ujumbe wakasimama mbele, na kila mtu akapanga mstari nyuma ya amtakaye. Mwenye mstari mrefu ndiye aliyetawala. Hapakuwa na siri wala hila, ila jambo moja tu: watu wa Kisimbi walitazama kwanza mstari upi unarefuka, kisha wakakumbuka kwamba huo ndio walioupenda tangu utotoni.

Jumbe wa wakati ule aliitwa Kitwana bin Shebe. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kusifiwa tu, na hilo liliwagharimu wengi. Ikawa katika mwaka wa sita wa ujumbe wake, watu wa mji wa Pandeni walivuka mpaka wakachota chumvi katika jangwa ambalo Kisimbi walisema ni lao. Walichota vikapu vitatu. Lilikuwa jambo la kumalizwa kwa vikombe viwili vya kahawa, lakini watu walijaa barazani kwa Jumbe, wanaume wakirusha fimbo juu, wanawake wakipiga vigelegele, na tajiri mmoja aitwaye Mwinyi Hija akipaza sauti kuliko wote: "Tupigane! Wiki moja tu tumewamaliza!" Jumbe akaona jinsi anavyopendwa, kichwa kikamvimba, na vijana tisini wakaondoka mjini wakiimba.

Basi wiki ikawa mwezi, na mwezi ukawa mwaka. Nyimbo zikapungua. Mtu akiulizwa habari za vita alijibu, "Vita ni vyema sana," kisha akakohoa na kuuliza kama nazi zimeshuka bei. Nyumbani, mlango ukishafungwa, maneno yalikuwa mengine kabisa. Na Mwinyi Hija yule yule, aliyekwisha kuutamani ujumbe, akaanza kunong'ona kwamba yeye moyo wake ulikuwa mzito tangu siku ya kwanza.

Jumbe naye hakuwa kipofu. Barazani kwake walikuwa wakija watu arobaini kunywa kahawa. Sasa walikuja sita, na wawili kati yao walikuwa viziwi. Siku ya mstari ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Akatuma aitwe Feruzi.

Feruzi huyu alikuwa mshona magunia, fukara wa kutupwa, mwenye shuka moja ambayo siku ya kuifua hakutoka nje. Watu walimwita mpumbavu kwa sababu alitenda alichoambiwa, vile vile kilivyosemwa. Bwana mmoja aliwahi kumwambia amshonee gunia lisivuje hata punje moja. Feruzi akalishona na mdomo wake pia. Wengine wakasema si upumbavu ule, ni ufedhuli. Mimi nasema vyote viwili vinaweza kukaa katika kichwa kimoja.

Feruzi akaingia, akainama. "Nashika miguu, Jumbe."

"Marahaba. Feruzi, wewe huingia kila nyumba kuchukua magunia. Nataka uniletee watu wanaovikataa vita vyangu. Nimewatuma wapelelezi wangu, wamerudi wakisema kila mtu anavipenda. Kama kila mtu anavipenda, mbona kahawa yangu inapoa?"

"Ewe Jumbe, nami nikiwauliza si watanijibu vile vile?"

"Usiwasikilize, watazame! Yeyote atakayekataa kutoa, kubeba, kulalia au kula chochote cha vita, huyo ndiye. Awe nani, awe na cheo gani, mshike. Nitamtoa nyumbani kwake nimpeleke jangwani akapigane." Akamgeukia diwani wake, mzee mwembamba mwenye kalamu sikioni. "Diwani, andika hivyo hivyo." Diwani akaandika. "Na kama hadi Ijumaa hujaniletea mtu, Feruzi, utakwenda wewe."

Feruzi alikuwa na miaka hamsini na mitano na goti moja lililokuwa likilia kama mlango. Akarudi nyumbani amenyong'onyea, akamweleza mkewe, Mwanakheri. Mwanakheri akaacha kupepeta.

"Mume wangu, mtaa huu nani asiyevikataa? Bi Saumu ameficha mbuzi wake uvunguni, usiku kucha analia."

"Bi Saumu?"

"Mbuzi. Na Bi Saumu pia. Wanawe wawili wako huko. Sasa nakwambia: ukimtaja mtu hata mmoja, usitie mguu ndani ya nyumba hii."

"Nisipomtaja mtu, nitautia wapi? Nitakuwa jangwani."

Mwanakheri akarudi kupepeta. Alikuwa akimpenda mumewe, na macho yalimjaa machozi, lakini neno lake hakulirudisha.

Siku tatu Feruzi akazunguka mji. Kila alikopita, watu walimwona wakapaza sauti, "Vita vidumu!" huku wakisukuma kitu kwa mguu nyuma ya mlango. Mmoja alikuwa amelazwa na homa kwa mwezi wa nne, naye alikuwa amenenepa. Mwingine alikuwa amefunga mkono kwa kitambaa. Feruzi alipopita asubuhi kitambaa kilikuwa mkono wa kulia, na jioni kilikuwa wa kushoto. Feruzi akawatazama wote, asimshike yeyote. Alhamisi jioni akarudi, akaketi mbele ya magunia aliyoletewa kushona, ambayo yalikuwa yamerudi kutoka jangwani yakiwa yametoboka. Akayakung'uta moja moja, kama kawaida yake. Kilichodondoka akakikusanya kwenye ungo, akakitazama kwa muda, kisha akamwita mkewe.

"Mwanakheri, kesho utanipikia hiki. Usikioshe, usikichekeche. Pika kama wanavyopika wao."

Basi Ijumaa, baada ya sala, Jumbe alikuwa amefanya karamu barazani ili watu wakumbuke ukarimu wake kabla ya siku ya mstari. Watu walikuja wengi, kwa maana pilau haina siasa. Mwinyi Hija naye alikuwapo, ameketi karibu na nyama. Feruzi akaingia amebeba sinia lililofunikwa kawa, akaliweka mbele ya Jumbe.

"Feruzi, umemleta mtu?"

"Nimekuletea kwanza chakula, ewe Jumbe. Ni cha heshima. Ndicho wanachokula vijana wako kule jangwani."

Jumbe akafurahi, akawatazama wageni wake. "Vijana wangu nawalisha wali na nyama ya mbuzi. Diwani ndiye anayesimamia." Diwani akaanza kuyahesabu maboriti ya dari.

Feruzi akafunua kawa. Ulikuwa ugali wa makopa ya muhogo, mweusi, wenye wadudu waliopikwa na wadudu waliokuja baadaye, na pembeni kipande cha ng'onda, samaki mkavu, ambacho kama kingekuwa na miguu kingeondoka chenyewe. Harufu ikatembea barazani. Mwinyi Hija akasogea mbali na nyama.

"Ondoa kitu hiki!" Jumbe akasema, ameziba pua.

"Karibu, Jumbe. Tonge moja tu."

"Sili! Nimesema ondoa!"

"Unakikataa?"

"Nakikataa, na aliyekipika namkataa!"

Feruzi akapiga magoti. "Alhamdulillahi. Ewe Jumbe, kazi yako nimeimaliza. Nimezunguka mji siku tatu, nikitazama bila kusikiliza, na mtu nimempata mmoja tu, mbele ya mashahidi wote hawa. Amekataa kula cha vita. Diwani, tafadhali tusomee: awe nani, awe na cheo gani."

Pale barazani hakuna aliyetafuna. Mwanakheri, aliyekuwa amesimama mlangoni na wanawake wenzake, alishika kifua chake, kwa maana alijua kwamba sasa mumewe ama atapona ama atakatwa kichwa. Diwani akasoma. Jumbe akatazama sinia. Akanyoosha mkono, akamega tonge, akalileta mdomoni, likamshinda. Akalirudisha. Akamtazama diwani, naye diwani hakumtazama.

"Mwaka mzima?" Jumbe akauliza taratibu. "Mwaka mzima wanakula hiki?"

"Hicho ni cha siku nzuri, Jumbe," Feruzi akajibu. "Magunia mengine hurudi na mchanga tu."

Ndipo kicheko kikamtoka Jumbe, kwanza puani, halafu tumboni, mpaka kilemba kikamwangukia mapajani. Lakini aliyekuwa karibu aliona kwamba macho yake hayakucheka. "Feruzi, umenishika kwa maneno yangu mwenyewe. Sheria ni sheria. Aliyevikataa vita atoke nyumbani kwake aende jangwani. Nitakwenda. Na diwani atanifuata, abebe sinia hili."

Akaenda kweli, kwa miguu. Alikaa huko siku kumi na tano, na aliyoyaona hakuwahi kuyasimulia. Akaketi na jumbe wa Pandeni, ambaye naye alikuwa amechoka ila akiona aibu kusema, wakaligawa jangwa katikati, na kila mmoja akala kiapo. Kisha akarudi na vijana wake. Waliondoka tisini, wakarudi sitini na mmoja. Bi Saumu alimpata mwanawe mmoja.

Ikafika siku ya mstari. Kiwanja kilijaa, na ungeshangaa: hapakuwa na mtu katika Kisimbi ambaye aliwahi kuvipenda vita. Wote walikuwa watu wa amani tangu tumboni mwa mama zao. Mwinyi Hija akasimama upande mmoja akitangaza kwamba amani ni wazo lake, na watu wakajipanga nyuma yake. Jumbe akaketi upande wa pili, na watu wakajipanga nyuma yake pia. Na wengi walisimama katikati wakijifanya wanatafuta viatu, wakipima urefu.

Jumbe akachukizwa. Akamwita Feruzi mbele ya wote. "Ewe Feruzi, nina kazi nyingine. Siku ile barazani kwangu palikuwa na watu wasiohesabika walioniambia nipigane. Niletee mmoja. Mmoja tu, akubali. Usipomleta kabla ya adhuhuri, nitakufunga kamba juu ya punda nikutembeze mji mzima."

Feruzi akaingia katika mistari, akachechemea na goti lake, akiuliza mtu mmoja mmoja. Huyu siku ile alikuwa shambani. Yule alikuwa akiumwa jino. Aliyekuwa akipiga ngoma akasema alidhani ni harusi. Mwanamke aliyepiga vigelegele akaapa kwamba alikuwa akifukuza kuku. Mwinyi Hija akasema alipaza sauti, ndiyo, lakini alikuwa akisema "tusipigane", na kelele za watu zikameza katikati ya neno.

Feruzi akarudi. "Ewe Jumbe, nitafutie punda. Hayupo hata mmoja. Kwa maneno ya watu wako, uliota ndoto mchana, ukaamka ukaenda kupigana."

Watu wakacheka, Jumbe naye akacheka. Ndipo sauti ikasikika kutoka chini, karibu na ukingo wa kiwanja. Alikuwa Sudi, seremala, mmoja wa wale sitini na mmoja. Alikuwa ameketi mchangani kwa sababu mguu wake wa kushoto aliuacha jangwani.

"Mimi nilisema," Sudi akasema. "Nilipanda juu ya pipa ili unione vizuri. Nilisema tupigane, nikaenda, na kila siku najuta. Mwache Feruzi. Umenipata."

Kicheko kikakatika. Jumbe akamtazama Sudi, kisha akainuka kwenye kiti chake, akapita mbele ya mstari wake mwenyewe, akaenda akaketi mchangani nyuma ya mgongo wa seremala.

"Jumbe, unafanya nini?" diwani akauliza kwa hofu.

"Napanga mstari. Mimi pia nilisema tupigane. Huyu anakubali mbele ya watu, nami nilisubiri nitiwe aibu na sinia."

Feruzi akaketi nyuma ya Jumbe, goti likalia. Wale sitini wakaja mmoja mmoja, wakaketi. Bi Saumu akaja. Watu wa katikati wakapima kwa macho, wakaviona viatu vyao ghafla, wakakimbia kuja kukaa. Mstari wa Mwinyi Hija ukawa mfupi, ukawa mfupi zaidi, ikafika mahali mwenyewe akageuka nyuma akakuta mtu mmoja tu, naye alikuwa kiziwi. Basi Sudi seremala akawa jumbe wa Kisimbi, na kiti chake cha enzi alikitengeneza mwenyewe, kifupi, ili asilazimike kupanda.

Jioni Mwanakheri akamwandalia mumewe wali wa nazi. "Niambie kweli," akasema, "ulikuwa wa ngapi kwenye mstari?"

"Wa pili, nyuma ya Jumbe. Ila njiani nimekutana na watu arobaini, na wote wananiambia walikuwa wa pili."

Hekaya yangu imefika mwisho. Nami niliyeisimulia, kama mnataka kujua, siku ile kiwanjani nilikuwapo. Nilikuwa wa pili.