Kwa Nini Watu wa Mwalenga Huzima Moto Siku ya Mavuno

Kabla kiberiti hakijapanda milimani, kila nyumba ya Mwalenga ililinda moto wake. Mama alipolala aliufukia kwa majivu. Alipoamka aliufukua, akaupuliza. Moto aliouwasha bibi arusi ulimpikia hadi uzeeni. Kuuzima kwa makusudi ni jambo ambalo hakuna aliyeliwaza.

Hapo aliishi Mkawasi, mama kijana mwenye mtoto mchanga, Mwakio. Masika mamoja mvua ilinyesha bila kupumzika. Maji yakateremka mlimani, yakapita chini ya milango, na moto ukazimika karibu kila nyumba. Mkawasi alichokoa majivu kwa kijiti akitafuta japo cheche, asiione. Mtoto wake alikuwa amepoa mikono na miguu, na alikuwa ameacha kulia. Kule kuacha kulia ndiko kulikomtisha.

Alimfunga kifuani, akatoka. Juu kabisa ya kijiji, kwenye mawe yasiyofikiwa na maji, aliishi Nyanya Mghoi, mfinyanzi wa vyungu, mjane asiye na mtoto.

"Hodi, Nyanya. Nimekuja kupalia moto."

"Leo kijiji kizima kimeikumbuka njia ya kwangu!" mzee akacheka. Kisha akamwona mtoto, akaacha kucheka. "Mlete hapa. Makaa utayapata, kwanza huyu."

Walimkanda karibu na mafiga mpaka damu ikamrudi usoni, akapiga ukelele mkali.

"Sikia mdomo huo," Nyanya Mghoi akasema. "Huyu akikua tutamweka afukuze ndege shambani."

Akatia makaa kwenye kigae cha chungu, akayafunika kwa kigae kingine. Mkawasi akakipokea kwa mikono miwili.

"Nenda, makaa yanapoa. Mavuno yakija, utaniita nile kwako."

"Nitakuita wewe wa kwanza, Nyanya."

Mwaka huo nafaka ya wimbi ilizaa sana. Basi siku ya sikukuu ya mavuno ikafika. Desturi ilikuwa kwamba mtu hajipeleki kwenye chakula cha wengine; hungoja mlangoni kwake mpaka aitwe. Mkawasi aliamka akiwa na nia ya kupanda juu. Lakini mawifi wakafika mapema, ugali ukataka kusongwa, na mtoto akataka kunyonya. Jua likawa la utosi.

"Bado sijamwita Nyanya Mghoi," akasema.

"Nani, yule?" wifi yake akamjibu. "Si aliwapa moto watu wote? Hivi sasa anaitwa huku na huku, hajui aanzie wapi."

Moyo wa Mkawasi ukatulia, akaendelea kupakua. Na katika kila nyumba ya Mwalenga maneno kama hayo yalisemwa, na kila moyo ukatulia.

Jua lilipoanza kuinama, Mkawasi alikuwa akikwangua chungu. Mtoto, mgongoni, akacheka peke yake. Kicheko kile kikamsimamisha. Akaenda kwa jirani.

"Nyanya Mghoi amekula kwenu?"

"Kwetu? Si alikuwa kwako?"

Akauliza nyumba ya pili, jibu likawa lile lile. Hakuuliza tena. Akatia kwenye kile kigae ukoko na kunde zilizobaki, akapanda.

Alimkuta Nyanya Mghoi ameketi mlangoni, amevaa nguo yake nzuri na shanga zake, uso umepakwa mafuta, fimbo mapajani, tayari kwa safari. Ndani mlikuwa giza. Moto ulikuwa umekufa.

"Karibu, mjukuu wangu," mzee akasema. "Niliona nisipike. Nilihofu nitashiba hapa, kisha niitwe, nishindwe kula chakula cha watu."

Mkawasi akaweka kigae mbele yake. Mzee alinawa, akala ukoko ule, akazisifu kunde. Mkawasi akashuka kwake na kigae, akapanda tena na makaa. Watu wakamwona amebeba moto kuelekea kule ulikotoka moto wao wote. Hawakuhitaji kuelezwa. Wakaja na walichobakiza, wakiwa wameinamisha vichwa. Nyanya Mghoi alimwamkia kila mmoja kwa jina lake, lakini tumbo la mzee ni dogo, na siku ilikuwa imekwisha.

Hakuyaona mavuno mengine. Walimzika karibu na mawe yake.

Sikukuu iliyofuata, alfajiri, Mkawasi alimwagia maji moto wake. Mumewe akaruka.

"Mama Mwakio! Una wazimu?"

"Nataka nikaombe," akasema. "Nisipoomba nitasahau tena."

Akachukua kigae, akaenda kwa jirani kupalia moto. Alipopika, upawa wa kwanza aliutia kwenye kigae hicho, akaurudisha kwa mikono yake kabla mtu wa kwake hajaonja. Jirani aliupokea, akautazama moto wake, kisha naye akauzima.

Na tangu siku hiyo, asubuhi ya mavuno, moto huzunguka Mwalenga. Huyu huzima, akapalia kwa yule. Akishawasha, yule naye huzima, akaenda kwa mwingine; na upawa wa kwanza wa kila chungu hurudi kwa kigae kule moto ulikotoka. Viberiti siku hizi vimejaa madukani, lakini siku hiyo haviguswi. Watoto hulalamika, maana harufu ya chakula huwafikia mapema na kigae kina mwendo mrefu. Huambiwa wangoje. Mkubwa wa nyumba huuliza, mikono ikiwa bado mikavu, "Kigae kimefika?" Akijibiwa, "Nadhani kimefika," hakuna anayenawa. Mtu huinuka, akaenda kuona kwa macho yake.