Shimo la Makumbi la Kazija

Kale ilikuwapo, watoto, na sisi hatukuwapo. Ikae kwake, sisi tuisikie tu.

Waliokuwapo pwani ya Uchangani asubuhi ile nawataja, maana kisa bila majina ni porojo. Alikuwapo Chanu binti Vuai, mpiga makumbi. Alikuwapo Mosi binti Kombo, mwenye ulimi. Alikuwapo Mize binti Ngwali, na jembe mkononi. Kazija binti Simai hakuwapo. Alikuwa kaburini mwezi wa tano.

Makumbi ya nazi hufukiwa topeni pwani, maji yapande, maji yashuke, miezi sita, mpaka yalainike. Ndipo wanawake huyafukua na kuyapiga kwa gongo, pu, pu, pu, wakatoa usumba wa kusokota kamba. Na shimo la mtu haliguswi na mwingine. Kazija alifukia yake, akaugua, akafa. Mumewe, Mcha Pandu, akamwoa Mize.

Lakini maji yakitoka, Mcha huenda akakaa kando ya shimo lile. Maji yakijaa, hurudi.

"Unakwenda kwa nani?" Mize akauliza.

"Naangalia bahari."

"Bahari yote hii, na wewe huioni ila hapo kwa Kazija!"

Mcha akatoka, akashika njia ya pwani.

Kisimani Mosi akamchokoza. "Bi Mize, mke mwenzio hajambo? Jana tumelisikia gongo lake, na pwani hakuna mtu."

"Maiti hapigi makumbi."

"Basi muulize mumeo huenda kusikiliza nini."

Sikilizeni, watoto. Ukimwonea wivu aliye hai, utamtukana, atakujibu, mtamaliza. Maiti hajibu. Tena hazeeki. Mize akachukua jembe, akalifunua shimo.

"Mize, acha!" Chanu akapiga kelele. "La mwenzio hilo!"

"Mwenzangu kitu gani? Nataka leo afe kweli!"

Akayatupa makumbi yote majini, na maji yalikuwa yakitoka. Mcha akaja mbio. Hakumpiga. Alikaa chini topeni.

"Kazija aliniusia," akasema. "Alisema, 'Atakayekuja usimlaze juu ya kamba zangu. Makumbi haya yakiwa tayari, kiwambe kitanda upya.' Nilikuwa nakulindia, Mize. Ulibaki mwezi mmoja."

"Na kumlilia?"

"Na kumlilia pia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelisikia jina lake?"

Tangu siku hiyo, kila maji yakijaa, bahari ikarudisha kumbi moja, mawili. Mize akaokota, akapiga, akasokota. Msidhani ni kwa upendo. Alikataa Kazija awe mwema kuliko yeye, naye amekwisha kufa. Kitanda kikafika nusu, kikafika robo tatu. Palibaki mstari mmoja wa kamba.

Hata leo, maji yakitoka sana, pwani ile husikika pu, na pu. Magongo mawili, moja likimfuata mwenziwe.

Basi msishindane na aliyekufa. Yeye ana wakati wote, ninyi hamna. Kisa changu nimekiacha ufukweni. Akitakaye akakiokote kabla maji hayajajaa.

Nini tena? Gongo la pili ni la nani?

Mize binti Ngwali alikufa maji siku ya Jumatano, akifuata kumbi la mwisho.