Siku ya Jina la Modris

Wapendwa, fumbeni macho kidogo. Nimesema fumbeni, sikusema laleni; wazee wa benchi la nyuma nawaona.

Twendeni mbali, kaskazini kabisa, nchi iitwayo Latvia, ambako ukungu hutoka baharini ukatanda hadi misitu ikaonekana inaelea. Watu wa huko kila jina wamelipa siku yake kwenye kalenda. Siku ya jina lako ikifika, unaoka mkate mtamu wa zabibu kavu, unaacha mlango wazi. Humwaliki mtu. Anayekupenda atakuja mwenyewe.

Basi kulikuwa na mtu mmoja huko aliyeitwa Modris. Kwa lugha yao jina hilo limetokana na neno la kusema mtu yuko macho, hasinzii. Baba yake alipokuwa akikata roho alimwambia, "Nilikuita hivyo ili nikifumba macho mimi, yako yabaki kwa mdogo wako."

Baba akazikwa. Ndugu wakagawana mizinga ya nyuki, wakagombana, kila mmoja akabaki ng'ambo yake ya mto.

Kila mwaka, siku ya jina lake, Modris aliketi dirishani akitazama daraja likipotea na kurudi ndani ya ukungu. Majirani walikuja, wakala, wakaimba, wakaenda zao. Mdogo wake hakuonekana. Na iliuma, ndugu zangu, iliuma sana.

Mwaka mmoja mkewe akamwuliza, "Unatazama nini kutwa nzima?"

"Namngoja mdogo wangu. Mlango si uko wazi? Nini kinamzuia?"

"Kwani baba aliyekupa jina hilo alikuachia ndugu, au alikuachia daraja?"

Wewe ungejibu nini? Modris akainuka dirishani. Akaufunga mkate mzima kwenye kitambaa, akaingia ukunguni. Alitembea kama mtu aliye ndotoni, hana hakika kama mbao za daraja bado ziko chini ya miguu yake.

Akabisha hodi. Mlango ukafunguliwa papo hapo. Mdogo wake alikuwa amesimama kizingitini, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, chupa ya asali mkononi.

"Unakwenda wapi?" Modris akauliza.

"Kwako, kaka. Kila mwaka siku hii mimi huvaa hivi. Nikifika hapa mlangoni, nguvu zinaniishia."

Sasa fumbueni macho. Sisi hupenda sana kusema, "Mimi sina kinyongo, mlango wangu uko wazi." Tunakaa dirishani, tunajiona tumesamehe. Je, Mungu alipotutaka sisi, alikaa dirishani?

Yuko mtu leo, unamjua, jina lake limekujia nikiwa bado naongea. Amekwisha kuvaa. Nguvu zimemwishia mlangoni. Ibada naifunga mapema, na wala si kwa ajili ya chakula cha mchana. Nenda ukabishe hodi.