Kiboko na Mkoko wa Bibi Siwatu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, wake na serikali yao, alikuwapo Bi Mize. Huyu alikuwa kaa wa matope, mwili wake hauzidi kifuniko cha chupa. Shimo lake lilikuwa chini ya mikoko, pale mto unapoingia baharini, na mwaka huo alikuwa na wachanga wengi wasiohesabika.

Serikali ilikuwa imepiga marufuku kukata mikoko. Afisa wake, Bwana Kasa, alikuja akachomeka kibao: HIFADHI. USIKATE. Kisha akaondoka zake polepole, akisema atarudi.

Nyayo zake hazijakauka, mara kacha, kacha, kacha. Kiboko anakata boriti.

"Shikamoo, mzee," Bi Mize alisema mlangoni kwake. "Kibao hukukiona?"

"Marahaba. Nimekiona. Nimeanika shati juu yake."

"Kinasema usikate."

"Kinasema Kasa, na Kasa yuko wapi? Mimi najenga chumba cha sita, na mke wangu hataki kusikia habari za serikali. Hamisha watoto. Kesho nafika hapo kwako."

Bi Mize akaona makubwa. Kupeleka wachanga mahali pasipo na mizizi ni kumwandalia korongo meza. Kupigana? Gando lake halikuni hata ukucha wa Kiboko. Lakini alimjua vizuri. Kiboko harusini haketi mpaka aitwe mbele, na msibani halii mpaka atazamwe.

Kesho yake Kiboko akaja na shoka begani. Akakuta kifuu kimefungwa kwenye shina la mkoko, kimeandikwa maneno.

"Nini hiki?"

"Kumbe hujapata habari? Serikali inawapa heshima wakubwa wa hapa. Kila mkoko una jina la mtu. Huu ni wa marehemu bibi yako, mzaa mama."

Kiboko akalishusha shoka begani. "Bibi Siwatu?"

"Mwenyewe. Hebu mtazame. Shina nene, na hana maneno mengi."

"Ndiye huyohuyo," Kiboko alisema.

"Haya, kata, mzee wangu. Mimi nani nikuzuie? Ila majirani wakiuliza chumba cha sita umekijenga kwa boriti gani, nitawaambia amemkata bibi yake akamfanya boriti."

Kiboko akakohoa. "Na ule wa pembeni?"

"Baba yako."

"Na ule uliosimama peke yake?"

"Ule ni wewe. Mlezi wa Mikoko."

"Mlezi," Kiboko alisema taratibu, kama anayeonja tende.

Habari ikamfikia Nyati, akaja mbio, tifu, tifu, matope yakaruka. "We Mize, kwa nini Kiboko ana miti mitatu na mimi sina hata mmoja? Kwetu hawafi watu?"

"Tulia, shemeji. Jina lako ndilo naliandika sasa hivi."

Nguruwe naye akadai wake, na wa mama mkwe. Bi Mize akaandika vifuu mpaka magando yakamuuma. Wiki haijaisha, hapakuwa na mkoko usio na mwenyewe. Ukivunja kijiti tu, unasikia, "We, umemvunja mkono mjomba wangu." Kiboko alizunguka na fimbo, matope mpaka tumboni.

Miezi minane ikapita. Bwana Kasa akatokea, daftari kwapani.

"Simama hapo," Kiboko alimwambia. "Unamkanyaga mama mdogo."

"Wewe ni nani?"

"Mlezi wa Mikoko. Nimeteuliwa na serikali."

"Aliyetumwa na serikali ni mimi, na sikumteua mtu."

"Na hivi vifuu?"

"Serikali ilileta kibao kimoja. Kile chenye shati."

Kiboko akageuka. Bi Mize hakungoja, tutututu, ubavuubavu hadi shimoni, chini ya mkoko wa Bibi Siwatu.

"Toka, kaa wewe. Miezi minane sijajenga, mke amerudi kwao, kumbe nalinda kifuu?"

Akalikumbatia shina ili aling'oe na mizizi yake.

"Ng'oa," Bi Mize alijibu kutoka ndani. "Nimekudanganya, sikatai. Maandishi ni yangu, sikutumwa na mtu. Watoto wangu walikuwa humu na nguvu nyingine sikuwa nayo. Huo si bibi yako, ni mti. Ng'oa."

Kiboko akavuta. Ng'wee, mti ukalia. Akasita.

Nyati, aliyekuja na majirani kutazama zogo, akamsogelea, akamnong'oneza. "Ndugu yangu, unamng'oa Bibi Siwatu kweli, watu wote hawa wakitazama?"

"Si yeye. Umesikia mwenyewe kuwa si yeye."

"Basi ng'oa."

"Ng'oa wewe."

"Mimi? Bibi wa watu?"

Kiboko akabaki amekumbatia shina hivyohivyo mpaka maji yakaanza kujaa, yakamfika magotini. Hatimaye akaliachia. Akakiweka sawa kile kifuu kilichopinda, akakifuta matope kwa kiganja, kisha akamgeukia afisa.

"Una kalamu? Andika mlezi yupo."

Bwana Kasa akawatazama Kiboko, Nyati na mikoko iliyosongamana mpaka ukingoni. Akaandika.

Basi, wanangu, mwenye nguvu haogopi amri kama anavyoogopa kumkata wa kwao.