Kitanda cha Fundi Shekiango

Kaeni vizuri, wadogo kwa wakubwa. Atakayesinzia namwamsha kwa mwiko.

Mtaani kwetu Korogwe wako wanawake watatu, na siwapambi: mtaa mwingine hauna mfano wao. Nesi Eliwaza ana mkono wa kupima. Mwanahawa ana moyo wa kumeza matusi. Bi Nachia ana sauti. Akiita, jogoo huona haya.

Mwanahawa ni mke wa Fundi Shekiango, seremala wa vitanda. Nusu ya mji inalalia kazi yake, lakini mwenyewe miaka tisa hakupata usingizi bila vidonge. Daktari alimwandikia vya wiki mbili tu. Yeye akaendelea, kimoja kikawa viwili. Asubuhi akiingia karakanani utadhani kalewa. Siku msumeno ulipomla ncha ya kidole, akavitupa vyote chooni. Siku ya tatu akapelekwa zahanati anatetemeka, anaongea na watu wasiokuwepo.

Nesi Eliwaza akamkaripia. "Fundi, ubao unaupasua kwa teke? Vidonge hivi hupunguzwa polepole." Akapanga na daktari: robo kidonge ipungue kila mwezi. Miezi minane nesi alivikata kwa wembe, na robo zake hazikupishana hata kwa unywele.

Mwanahawa akavifungia vidonge kwenye kasha, ufunguo akaufunga kiunoni. Mumewe alibembeleza, akalia, akatukana.

"Wewe si mke, ni askari jela!"

"Ndiyo, na wewe mfungwa wangu. Kunywa uji."

Hakumwongezea hata chembe.

Bi Nachia, dada yake fundi, akawa mlangoni kila alfajiri. "Shekiango! Kitanda unakiuza, hushindi juu yake!" Akamtembeza hadi mtoni na kurudi. Akamnyima kulala mchana, akamnyima na kahawa ya jioni.

"Dada, miguu inauma."

"Na iume. Mguu uliochoka haubembelezwi kulala."

Mwezi wa tisa fundi alilala bila hata robo, akakoroma mpaka majirani wakanung'unika. Mkono ukatulia. Akachonga kitanda cha mninga, hakina msumari hata mmoja; sijaona kizuri kama kile, nami nimeona vingi. Akasema, "Hiki hakiuzwi. Ni cha aliyenirudishia mkono wangu."

Wakaja wote watatu, vichwa juu.

"Bila kipimo changu angerukwa na akili," alisema nesi.

"Bila ufunguo wangu, kipimo chako angekimeza chote kwa siku moja," alisema Mwanahawa.

"Na bila miguu yangu angekesha akihesabu boriti," alisema Bi Nachia. "Tena, kaka, ukimpa mkeo umejipa mwenyewe."

"Nani kakwambia?" Mwanahawa akamgeukia. "Kikiwa changu, yeye atalala jamvini."

Fundi kashika tendegu la kitanda, anawatazama mmoja mmoja. Kitanda hakikatwi vipande vitatu, na kila mmoja kasema kweli.

Haya, ninyi mlio macho: mngekipeleka kwa nani?