Pengo Kwenye Mikoko

Hapo zamani, kabla bati halijafika kwetu, watu wa Chakweni waliishi nyuma ya mikoko. Mwiko wao ulikuwa mmoja: usikate mkoko wa upande wa kusi, unaoizuia bahari. Aliyewahi kuonja upepo wa kipupwe haulizi kwa nini.

Vuai akaukata. Masika yalikuwa yameiangusha nyumba ya mama yake, na kikongwe alikuwa akilala mvuani. Vuai akakata boriti, akamjengea.

Mjaka, mlinzi wa mikoko, akamwona. Akanyamaza.

Bi Mashavu naye akaliona pengo. Alifurahi, jamani! Zamani aliizunguka mikoko yote kwenda kuokota chaza. Sasa alikatiza katikati, akarudi mapema kwa binti yake Jokha. Akanyamaza.

Kipupwe kikaingia. Asubuhi moja kusi likavuma kwa hasira, minazi ikalala chini. Bahari ikapita pale penye pengo, wala si penginepo, ikaizoa nyumba ya Bi Mashavu. Yeye akaokolewa. Jokha akatolewa maiti.

Sasa, Chakweni walikuwa na mila. Aliyechangia kifo haligusi jeneza mpaka mfiwa amsamehe. Asiposamehewa, anahama kijiji; na kabla mfiwa hajaamua, jeneza halinyanyuliwi na yeyote.

Vuai akapiga magoti. "Dada Mashavu, mkono uliokata ni huu. Lakini ningemwacha mama anyeshewe? Nikihama, nani atamtazama?"

Mjaka akapiga magoti kando yake. "Huyu alikata kwa shida. Mimi nilipewa kulinda, nikaona haya kumnyima kikongwe paa. Huruma yangu ndiyo iliyomuua mtoto."

Watu wakamgeukia mama wa Jokha. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Bi Mashavu alikuwa ameushika mkono wa Jokha, baridi, hautaki kupata joto. Alitamani kuwafukuza wote wawili. Angewafukuza, nani angemlaumu? Lakini miguu yake ilikuwa bado na tope la njia ile ya mkato.

"Nilipita pale kila siku," akasema. "Kila siku nilimwombea dua aliyekata."

Akapiga magoti na yeye.

Jua likapanda. Jeneza liko chini, hakuna mkono unaothubutu kulinyanyua.

Haya, mlioketi hapa, msiniangalie mimi. Watatu wamepiga magoti, na Jokha anangoja kuzikwa. Je, ni nani aliyestahili kusamehewa, na nani aliyestahili kusamehe?